Programu ya Simu kwa Mtoto Asiyeruhusiwa Kuwa na Simu

Wiki iliyopita mhariri alinituma hotelini, hapa hapa Dar, kuripoti uzinduzi wa programu ya simu ya kukomesha uonevu mashuleni. Mambo yalikuwa safi: bango, projekta, kiyoyozi, sambusa, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili kama ilivyo ada. Tukaambiwa mwanafunzi akionewa atabonyeza kitufe chekundu, na taarifa itafika kwa uongozi wa shule bila jina lake kuonekana. Makofi.

Nikanyoosha mkono, nikauliza maswali mawili tu. La kwanza: mtoto wa kidato cha kwanza aliyeko bweni atabonyeza kwa simu gani, wakati akikamatwa nayo anarudishwa nyumbani? La pili: taarifa ikishafika, nani anaifungua, na anafanya nini kabla giza halijaingia? Swali la kwanza lilijibiwa kwa kicheko. La pili likajibiwa kwamba hilo litaangaliwa awamu ya pili. Awamu ya pili! Jamani, mtoto anayechapwa mikanda na wenzake leo usiku naye asubiri awamu ya pili?

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na teknolojia. Ugomvi wangu ni na watu wanaodhani kupokea malalamiko ni sawa na kumlinda mtoto.

Nilisoma bweni, kwa hiyo najua ninachokisema. Shule yetu ilikuwa na sanduku la maoni, limefungwa kufuli, limetundikwa mbele ya ofisi ya walimu. Ukilisogelea, shule nzima inakuona. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kuliona likifunguliwa. Sasa niambieni, programu ile ya hotelini ina tofauti gani na sanduku lile, zaidi ya rangi na chaji?

Nikiwa kidato cha pili aliletwa njuka mmoja, mdogo wa umbo, mpole. Usiku baada ya prepu wakubwa walimpa kiatu, wakamwamuru apige simu kwa mama yake. Akakiweka sikioni. "Haloo mama, sijambo, huku kuzuri." Bweni zima tukaangua kicheko. Mchezo ule ulirudiwa karibu kila usiku, kisha ukaja wa kufulishwa nguo, kisha makofi. Baada ya likizo fupi hakurudi. Mimi sikumpiga hata siku moja. Nilicheka tu. Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa sina hatia.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mwanasaikolojia Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku, Ufini, tangu miaka ya 1990 amekuwa akionyesha kwamba uonevu ni jambo la kundi zima. Yupo mwonevu, wapo wasaidizi wake, wapo wanaocheka, wapo wanaojifanya hawaoni, na wapo wachache wanaomtetea anayeonewa. Ukiondoa kicheko, mwonevu anakosa jukwaa.

Kutokana na utafiti huo Wafini wakabuni mpango unaoitwa KiVa, ukaanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2009. Ndani yake mna michezo ya kompyuta: mtoto anaingia katika shule ya kwenye skrini, anaona mwenzake akionewa, anachagua la kufanya, kisha anaona matokeo ya alichochagua. Huo ndio utumiaji wa kompyuta ninaoukubali, unaomfundisha anayetazama. Lakini kompyuta haikuachiwa kazi peke yake. Mna vipindi darasani, na kila shule ina timu ya walimu ambao kazi yao ni kuishughulikia kesi, kuzungumza na aliyeonewa na waliomwonea, kisha kufuatilia kama yamekwisha. Hata hivyo, utafiti wao wenyewe ulionyesha kwamba kwa vijana wa miaka 13 hadi 15 matokeo yalikuwa hafifu kuliko kwa watoto wadogo. Kama wao waliojipanga hivyo wanakiri, sisi tunajivunia kitufe?

Najua wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku simu, basi. Haya, kiatu kile kilikuwa simu ya aina gani? Uonevu ulikuwapo kabla ya simu. Na wanafunzi wa kutwa wakifika nyumbani wanaingia kwenye makundi ya WhatsApp, picha ya binti wa watu inachezewa na kusambazwa, asubuhi shule inasema hayo yametokea nje ya geti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza unyanyasaji wa namna hiyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Lakini nani kati yenu anataka mtoto wa miaka 13 afundishwe utu na polisi?

Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi mmoja. Hesabu darasa lako la zamani, uone ni wangapi.

Mimi napendekeza mambo ya kawaida kabisa. Namba 116, simu ya kumsaidia mtoto, ipo na ni ya bure. Basi kila bweni liwe na simu moja mahali pa faragha, mtoto aipige bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Walimu watatu watajwe kwa majina paredini, na kila taarifa ijibiwe siku hiyo hiyo. Na zile kompyuta zilizofunikwa vitambaa ofisini kwa mkuu wa shule zifunuliwe, watoto wafundishwe cha kufanya mwenzao anapoonewa. Pasipo na kompyuta, ubao na mwalimu mwenye nia vinatosha kuanzia.

Yote haya hayahitaji mgeni rasmi. Lakini bila hayo, zindueni programu hata mia, njuka wetu ataendelea kupiga simu kwa kiatu, na sisi tutaendelea kucheka.

Nawasilisha.