Wanajeshi wa Mpakani, vaeni historia muache mabaka

Soka letu lina majina ya utani mengi yasiyo na kichwa wala miguu. La Biashara United ya Mara ni tofauti. "Wanajeshi wa Mpakani." Ukilisikia tu unajua timu inatoka upande gani wa nchi, na kama wewe ni mtu wa Tarime au Serengeti unajua pia kwamba hilo neno wanajeshi halikuwekwa pale kwa ajili ya kunogesha matangazo ya redioni.

Sasa nenda sokoni Tarime, shuka Sirari, zunguka mpaka Mugumu, utafute jezi, tisheti au hata kofia yenye jina hilo. Utakutana na Simba, Yanga, Arsenal na Manchester United, nyingi feki, za bei ya kubembeleza. Utakutana pia, ukipekua mafungu ya mitumba, na suruali na makoti ya mabaka-mabaka ya majeshi ya nchi za mbali. Kijana anayetaka kwenda uwanjani akiwa "mwanajeshi" anachukua hayo mabaka, anaongeza kofia, anaona amemaliza.

Hajamaliza, amejiingiza matatizoni. Kanuni ya Adhabu inakataza raia kuvaa sare za jeshi bila ruhusa, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Tangazo lile liligusa mpaka kofia, viatu na mabegi. Wengi walidhani linawahusu wasanii wa bongofleva tu. Linamhusu na shabiki wa jukwaa la mzunguko pale Karume, Musoma.

Hoja yangu ni hii: klabu ichukue jina lake kwa uzito. Itengeneze bidhaa zake za kuenzi askari waliotoka mkoa huu, kwa kibali cha jeshi, bila baka hata moja. Ikisubiri, jina litaendelea kuuzwa na watu wasiojua maana yake, na atakayelala mahabusu ni shabiki.

Na historia ya kuweka kwenye hizo nguo ipo, tena ya kumwaga. Tangu enzi za KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, Wakurya na jirani zao walikwenda jeshini kwa wingi kuliko ukubwa wa eneo lao. Wazee wao walipigana Vita ya Pili ya Dunia huko Burma. Serengeti kuna Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani, inayokumbusha kwamba habari za bunduki huku zilifika kabla hata ya Muingereza. JKT wana kikosi chao Rwamkoma, ndani ya mkoa huuhuu.

Halafu ikaja Kagera. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia KAR mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Brigedia Mwita Marwa, jina ambalo mtu wa Tarime halihitaji kuulizwa mara mbili, aliongoza brigedi kwenye vita hiyohiyo. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979. Hao ni wakubwa. Nyuma yao kuna makoplo, masajini na mgambo wa vijijini ambao wajukuu zao leo wanavaa jezi ya mchezaji wa Uingereza asiyejua Mara iko wapi.

Nikisema hivi kuna wanaonijibu kwamba Mkurya ukimwambia habari za vita unampa sifa asiyoihitaji. Naielewa hofu hiyo. Tumechoka na utani wa panga, na tunajua mapigano ya koo yameua watu Tarime kwa miaka mingi. Kwa hiyo nasema mapema: kofia yenye panga, fuvu la kichwa au bunduki isipite. Anayetaka kuuza ukali atafute timu nyingine. Kinachoenziwa hapa ni mtu aliyeacha ng'ombe wake akaenda kulinda mpaka wa nchi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mchoro wa nguo unaweza kuyatenganisha au kuyachanganya.

Waingereza wameliweza hili. Kila Novemba timu za Ligi Kuu yao hucheza na ua dogo jekundu la mpopi kifuani kukumbuka askari waliokufa vitani. Jezi zilizochezewa hupigwa mnada, na fedha huenda kwa chama cha kuwasaidia wanajeshi wastaafu na familia zao. Hakuna mabaka wala bunduki pale. Ua tu. Na bado halijakosa ubishi: James McClean, Mwairishi kutoka Derry, mji ambao wanajeshi wa Uingereza waliua raia mwaka 1972, alikataa kulivaa msimu hadi msimu. Alizomewa, lakini ua lile halikufa. Nasi tukubali kwamba mchezaji asiyetaka asilazimishwe.

Hapa jirani APR ya Rwanda na Ulinzi Stars ya Kenya ni timu za majeshi kweli, zina wanajeshi na bajeti. Nyumbani tuna JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma, na hiyo Mashujaa imebeba heshima kwenye jina lenyewe. Biashara haina mwajiri wa namna hiyo. Ndiyo maana jezi kwake ni suala la ugali.

Tusisahau 2021. Kombe la Shirikisho Afrika, Biashara waliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 hapa nyumbani. Mechi ya marudiano hawakusafiri. Timu ikatolewa bila kupiga mpira. Mwisho wa msimu huo ikashuka daraja, na mwaka 2024 mchujo dhidi ya Tabora United ukaizuia kurudi. Sisemi tisheti zingewafikisha Tripoli. Nasema klabu yenye jina zuri namna hii, ikategemea viingilio na huruma ya wadau peke yake, imekalia mali.

Wala isianze na makubwa. Simba na Yanga wana wazabuni wa mabilioni. Biashara ianze na mafundi wa kuprinti waliopo mkoani. Skafu, kwa sababu baridi ya Tarime alfajiri haina mzaha. Kofia. Jezi moja ya heshima kwa msimu, yenye ngao ya Kikurya, litungu na tarehe za 1978-1979 kwenye kola. Na kanga, tafadhali, maana waliobaki na watoto wakati wanaume wako Uganda ni akina mama, na kanga yenye jina zuri itanunuliwa na watu ambao hawajawahi kuangalia mechi dakika tisini.

Mambo mawili yasirukwe. Nembo ya jeshi isiguswe bila barua kutoka jeshini. Wakikataa, ngao na litungu zinatosha. Na picha au jina la askari yeyote, awe jenerali au koplo, familia yake iulizwe kwanza na ipate chake. Asilimia ya mauzo iende kwa wastaafu wa Kagera walio hai Tarime na Serengeti, orodha ibandikwe ofisi ya klabu, kila mtu aisome. Bila orodha hiyo mimi sinunui, na sitamshauri mtu anunue.

Siku ya Mashujaa ni Julai 25, ligi ikiwa imesimama na timu ziko kwenye maandalizi. Klabu ilete mechi ya kirafiki Tarime wiki hiyo, wazee wa Kagera wakae jukwaa kuu bure, meza ya kuuzia kanga na skafu iwekwe getini. Anayekuja na mabaka avue hapohapo, auziwe tisheti.