Kijiti cha Mkojo Kimekuwa Hakimu Pwani, na Wengi Hatujui Kukisoma

Siku hizi kijiti cha kupimia mkojo kina nguvu kuliko cheti cha shule. Dereva wa trela anapimwa kabla ya kukabidhiwa funguo. Baharia anapimwa kabla ya kupanda meli, na akiwa katikati ya bahari anaweza kupimwa tena bila taarifa. Nyumba za kurekebisha tabia zinapima wateja wao kila baada ya siku kadhaa. Na sasa wazazi nao wameingia: unakwenda duka la dawa, unanunua kipimo cha dawa tano au kumi kwa pamoja, unarudi nacho mkobani na kumsubiri kijana aamke.

Sina ugomvi na kupima. Pwani hii imezika vijana wengi kwa unga, na mtu asiyeelewa hofu ya mzazi wa Kisauni au Malindi hajaishi huku. Mwaka 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata kilo zaidi ya 1,000 za heroini nje ya pwani yetu katika jahazi moja, na mwaka huo huo serikali ikaizamisha baharini meli nyingine iliyokamatwa na shehena ya unga. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walipelekwa Marekani mwaka 2017 na sasa wanatumikia miaka 25 na 23. Habari hizo tulizijadili vibarazani mpaka kahawa ikapoa. Lakini mzigo unaopita huacha makombo yake, na makombo ndiyo yaliyoingia maskani zetu. Kwa hiyo wapimeni. Ninachouliza ni kama tunajua tunachokipima.

Nianze na kosa dogo kuliko yote, ambalo limeshavunja nyumba. Mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na kijiti amekifunga kwenye ncha ya leso. Alikuwa analia. "Mwanangu, tazama, mistari miwili kote! Bangi, unga, vidonge, vyote anavyo!" Nikamwambia, "Mama, keti kwanza unywe maji. Hapa mistari miwili maana yake hana." Alikuwa amekisoma kama kipimo cha mimba, ambapo mistari miwili ni ndiyo. Kipimo cha dawa za kulevya ni kinyume. Mstari wa juu unathibitisha kwamba kijiti kinafanya kazi. Wa pili ukijitokeza, hata ukiwa hafifu kama uzi, dawa hiyo haikufikia kiwango cha kuonekana. Usipojitokeza, ndipo kuna shaka. Kijana alikuwa ameshapigwa na baba yake na kutolewa nje usiku ule.

Sababu ya kuwa kinyume ni hii. Ndani ya kijiti mna kingamwili zenye rangi, na kwenye mstari wa pili pamepakwa kemikali inayofanana na dawa inayotafutwa. Mkojo ukiwa safi, kingamwili zinasafiri mpaka pale zinanata, mstari unatokea. Mkojo ukiwa na dawa, dawa ndiyo inayozishika njiani, na zinapofika mstarini hazina tena nafasi ya kunata. Pasipo mstari ndipo pana habari.

Tuje kwenye siku. Swali ninaloulizwa sana ni hili: dawa hukaa mwilini siku ngapi? Jibu linategemea dawa yenyewe, kiasi, mazoea, uzito wa mtu, afya ya ini na figo, na kizingiti kilichowekwa na mtengenezaji wa kipimo. Hata hivyo kuna makadirio ambayo maabara nyingi duniani zinayatumia.

Bangi ndiyo king'ang'anizi. Kemikali yake inapenda mafuta, inajificha kwenye mafuta ya mwili na kuvuja pole pole. Aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku 1 hadi 3. Anayevuta mara kadhaa kwa wiki, siku 5 hadi 7. Anayevuta kila siku kwa muda mrefu anaweza kuonekana siku 30 baadaye, wakati mwingine zaidi, ingawa ameacha kweli na hana hata chembe ya ulevi kichwani. (Wale wanaosema "nilikaa tu karibu na wavutaji", kwa kawaida moshi wa maskani yenye upepo haufikishi mtu kizingiti cha nanogramu 50 kinachotumiwa na vipimo vingi.)

Heroini ni mwizi wa usiku. Ikiingia mwilini inageuka ndani ya dakika chache kuwa kemikali iitwayo 6-MAM, kisha kuwa mofini. Ile 6-MAM ndiyo ushahidi hasa wa unga, kwa sababu kodini na mofini ya hospitali hazitoi kitu hicho, lakini haikai kwenye mkojo zaidi ya saa 24, mara nyingi ni chini ya hapo. Mofini inabaki siku 2 au 3. Kokeini nayo inaacha alama ya siku 2 hadi 4. Metamfetamini, siku 1 hadi 3 au zaidi kidogo. Pombe inapotea ndani ya saa 12 hivi, ila maabara ikitafuta alama yake maalumu, EtG, inaweza kuikuta siku 3 baadaye.

Sasa pima mwenyewe. Kijana aliyevuta bangi kila jioni likizoni na ameacha wiki mbili anafeli kipimo Jumatatu. Mwenzake aliyevuta unga Jumanne anaweza kufaulu Jumamosi. Dawa inayoua watu wetu ndiyo inayotoka haraka, na isiyoua kwa kasi hiyo ndiyo inayobaki. Uingereza ilipoanza kuwapima wafungwa kwa lazima mwaka 1996, mabishano yalianza papo hapo kama utaratibu huo hauwasukumi wafungwa kuacha bangi na kuhamia heroini kwa sababu inapotea upesi. Wataalamu bado wanabishana ukubwa wa jambo hilo, lakini hoja yenyewe inaeleweka hata na kijana wa darasa la nane. Mwajiri au mkuu wa shule anayepima bila kujua siku hizi anaweza kuwa anaadhibu wale wa kurekebishika na kuwapitisha walio kaburini mguu mmoja.

Kuna pia vitu ambavyo kijiti hakivioni kabisa. Bugizi, ile Rohypnol ambayo mateja wengi huchanganya na unga, humezwa kwa dozi ndogo sana, na vipimo vingi vya kawaida vya jamii ya Valium huikosa. Tramadoli haionekani kwenye kisanduku cha mofini. Inahitaji kisanduku chake. Muguka ndiyo kabisa. Mwaka 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mahakama kule Embu ikasimamisha marufuku, na kwa wiki kadhaa hatukuzungumza kingine. Katika kelele zote zile sikusikia aliyetaja kwamba vipimo vinavyouzwa madukani kwa kawaida havina kisanduku cha muguka wala miraa. Mtoto anayetafuna mpaka alfajiri atatoa mkojo "safi" kabisa, na mzazi atalala kwa amani.

Upande wa pili ni ule wa kusingiziwa. Kingamwili hazina macho. Zinashika chochote chenye umbo linalokaribia. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinaweza kuonekana kama amfetamini. Baadhi ya antibiotiki za jamii ya levofloksasini zinaweza kuonekana kama unga, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, imewahi kufanya hivyo kwenye baadhi ya vipimo. Efavirenz, dawa ya virusi vya UKIMWI ambayo watu wengi walikuwa wakiitumia, imesababisha baadhi ya vipimo kusema bangi. Hebu fikiria mfanyakazi anayetibiwa kifua kikuu anaambiwa na bosi kwamba ni teja, na ili ajitetee analazimika kutangaza ugonjwa wake mbele ya ofisi nzima. Na kodini iliyomo kwenye dawa za kikohozi wala haisingiziwi: mwili wenyewe huigeuza sehemu yake kuwa mofini. Marekani walikuwa na kizingiti cha nanogramu 300 kwa jamii ya afyuni, wakakipandisha mpaka 2,000 mwaka 1998 kwa sababu watu waliokula mikate yenye mbegu za mpopi walikuwa wanafeli. Nchi yenye maabara zote zile ilikiri hilo, sisi tunamfukuza mtu kwa kijiti cha duka la dawa.

Kijiti ni kipimo cha kuchuja tu. Majibu yakitoka mabaya, nusu ya pili ya mkojo ule ule, iliyofungwa na kuwekwa alama mbele ya mwenyewe, inatakiwa ipelekwe maabara yenye mashine ya kutenganisha na kupima kemikali moja moja. Mashine hiyo haidanganywi na dawa ya mafua. Ina gharama, ndiyo. Lakini ukimwachisha mtu kazi kwa majibu ya kwanza, gharama hiyo umeihamishia kwake na kwa watoto wake.

Wanaonichoma moyo zaidi ni watu wa methadoni. Kliniki ya Malindi ilianza 2015, na baadaye Kwale na Kisauni zikapata huduma hiyo. Mteja anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anarudi nyumbani anaweza kushika kazi. Wapo waliorudi baharini kuvua, wapo wanaoendesha tuktuk. Methadoni haionekani kwenye kisanduku cha mofini, lakini vipimo vya dawa nyingi vina kisanduku chake. Basi mtu aliyeacha unga, anayetibiwa na serikali bila kificho, anaomba kazi ya ulinzi, anapimwa, na karatasi inaandika kwamba ana dawa za kulevya. Yule anayevuta mwishoni mwa wiki tu anaweza kupita mlango ule ule. Nimezungumza na mmoja aliyekosa kazi hivyo mara mbili. Hakuwa na hasira hata. Aliniambia, "Kaka, mara ya tatu nitaacha dozi siku kumi kabla." Nilishtuka, kwa sababu mtu akikatisha dozi ghafla arosto inamrudisha ungani, na mwili uliopoteza mazoea hauhimili kipimo chake cha zamani. Hivyo ndivyo watu wanavyofia chooni na bomba mkononi.

Sheria ya nchi haijamwacha mfanyakazi uchi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inaruhusu kufukuza papo hapo mtu aliyelewa saa za kazi hata akashindwa kazi yake. Angalia maneno yenyewe: saa za kazi, kushindwa kazi. Mkojo wenye mabaki ya bangi ya wiki tatu zilizopita hauthibitishi lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu mkojo hausemi mtu amelewa sasa. Unasema dawa ilipita. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa na asikilizwe, akiwa na mwenzake kazini au mwakilishi wa chama. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Majibu ya mkojo hayapaswi kuzungushwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kampuni, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Mabaharia na wanaokwenda Ghuba wana hesabu nyingine. Kwenye meli, sheria za kimataifa zimeweka kikomo cha pombe kwenye damu cha asilimia 0.05, na makampuni mengi yameamua sifuri. Wala usitegemee cheti chako cha afya cha miaka 2, hakikukingi na kipimo cha ghafla. Falme za Kiarabu ni kali zaidi: watu wamewahi kushtakiwa kwa kilichokutwa kwenye damu au mkojo wao, na tramadoli na kodini, ambazo hapa mtu hununua kama pipi, kule zinadhibitiwa. Binti anayeruka kwenda Dubai na vidonge vya mgongo alivyopewa na shangazi yake bila karatasi ya daktari anabeba kesi kwenye mkoba.

Kaunti zetu sita za Pwani zinaweza kuanza na mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Kila anayeuza kipimo aweke karatasi ya Kiswahili inayoeleza mistari. Kliniki za methadoni zitoe barua rasmi ambayo waajiri wanaofanya kazi na kaunti watalazimika kuiheshimu. Na kampuni yoyote inayopewa zabuni na kaunti isimfukuze mtu kwa kijiti bila majibu ya maabara. Kwa mzazi aliyekwisha kununua kile cha dawa tano, kabla hujamwamsha mtoto, fungua kisanduku usome tarehe ya mwisho wa matumizi, halafu muulize ametumia dawa gani za hospitali wiki hii.