Nani Anayeendesha Gari?

Kwa miaka mitatu baba mdogo alikuwa akitengeneza Peugeot 504 ya marehemu babu, katika garaji yake ndogo huku Katuba, Lubumbashi. Modeli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1968. Ya kwetu ilikaa juu ya matofali muda mrefu hata kuku wakatagia ndani. Alifungua motere yote, akasafisha kabureta kwa petroli, akasugua vali mpaka zikakaa sawasawa. Gari hilo halina kompyuta; ugonjwa wake unatafutwa kwa macho, masikio na vidole.

Mwezi uliopita likawaka. Kesho yake baba mdogo akamkabidhi kaka yangu ufunguo, yeye akarudi kuinama juu ya Land Rover nyingine iliyokufa.

Wenzangu wa fakultee walicheka: ataumiaje miaka mitatu, halafu mwingine ndiye ashike usukani? Mimi naona lugha yetu iko upande wa fundi. Kitenzi endesha kimetokana na enda, pamoja na kiambishi cha kusababisha. Kuendesha ni kufanya kitu kiende. Sasa, nani alilifanya gari la babu liende? Kaka alikanyaga tu.

Sisemi dereva hana furaha. Yake ni ya barabara, nayo huisha anapozima motere. Ya fundi ni ya kujua: akisikia mlio, anajua umetoka wapi.

Lakini furaha hiyo ina mtego, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Tunafundishwa kwamba kiambishi -u- hugeuza tendo: funga, fungua; panga, pangua. Fundi anayejua kufungua tu si fundi, ni mtu aliyejaza uwanja vipuri. Na gari lililofungwa vizuri lisipoendeshwa, furein hushikana na tangi hula kutu.

Mimi ni huyo wa vipuri. Mwaka wa pili sasa naandika tasnifu juu ya Kisanga, lugha ya bibi yangu. Nimepangua ngeli zake, nimechora toni zake, na nimeifurahia kazi hiyo kuliko kitu chochote. Hata hivyo bibi akinisemesha Kisanga, namjibu Kiswahili. Juzi aliniuliza: « Mjukuu, hayo unayoandika, nani atayasema? » Sikuwa na jibu.

Tasnifu ngapi za fakultee yetu ziko juu ya matofali? Tunazitetea, tunapigiwa makofi, tunazifungia kabatini. Nadhani kila anayeandika juu ya lugha angepaswa kurudisha kitu kwa wenyewe: hadithi chache zilizochapwa, orodha ya maneno ya watoto, saa moja ya masomo kila Jumapili.

Baba mdogo hakupoteza furaha yake alipotoa ufunguo. Siku ile kaka alipopita mbele ya garaji akipiga honi, yeye hakuinua hata kichwa. Alisikiliza tu motere, akatabasamu.