Utemi ulifutwa 1963, mbona bado tunautamani?

Jamani, kila nikipita Bujora, pale Kisesa, swali moja hunirudia. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga kanisa la msonge kama nyumba ya Msukuma, na makumbusho yenye jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Ngoma za watemi zimo humo. Tunaambiwa ni historia tu, maana sheria ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963.

Historia tu? Septemba 2021, hapo hapo Kisesa, Rais Samia alisimikwa kuwa Chifu Hangaya, mkuu wa machifu. Wengi tulishangilia.

Sina ugomvi na mila. Ila tuikumbuke yote. Usukumani mtemi hakujiweka mwenyewe. Wazee wa baraza, banang'oma, ndio waliomchagua, na mvua ikigoma au akizidi ubabe, waliweza kumwondoa. Henry VIII wa Uingereza alijifanya mkuu wa kanisa mwaka 1534. Nani angemwondoa?

Tukiazima vazi la mtemi, tuwaazime na banang'oma. Heshima isiyo na wa kuhoji ni kilemba cha ukoka. Au mnasemaje, wadau?