Kumwambia kijana wa Birere "ukuwe positif" haitoshi

Kijana anayetafuta kazi Goma anasikia mahubiri yale yale kila mahali. Anayasikia kanisani, kwenye formation ya siku moja, kwenye ujumbe wa WhatsApp, hata kwa mjomba aliyemlipia shule. "Ukuwe positif. Tabasamu mbele ya wenye kukuhoji. Umekosa hii, Mungu amekuandalia kubwa zaidi."

Maneno haya si mabaya. Mtu aliyekata tamaa hafiki hata kwenye biro ya kuacha dosye. Ubaya wake ni kwamba yanaelekezwa kwa mtu mmoja tu, yule asiye na kazi. Akikosa mara ya kwanza, anaambiwa hakujiamini. Akikosa mara ya tano, anaambiwa ana roho nzito. Akikosa mara ya kumi, majirani wanaanza kutafuta nani amemroga. Katika hesabu hiyo yote hakuna anayemuuliza mwenye kutoa kazi swali hata moja.

Ni wakati wa kuyauliza maswali hayo.

Birere haihitaji somo la uvumilivu

Birere iko pale pale karibu na Petite Barrière, mpakani na Gisenyi. Asubuhi mapema mama wanavuka na mboga, maziwa na nguo. Chukudu zinashusha makaa na viazi. Vijana wanatengeneza simu kwenye meza ndogo, wengine wanabadilisha dola na franka, wengine wanapakia mizigo ya wenye depo. Jina lenyewe la Birere linakumbusha majani makavu ya migomba, yale ya kujengea vibanda vya maskini.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani na kufunika nyumba na maduka. Watu walirudi wakati mawe yakiwa bado na moto, wakajenga juu yake. Tarehe 22 Mei 2021 volkeno ililipuka tena, na maelfu wakakimbilia Sake, Rubavu na Bukavu, kisha wakarudi. Moto wa nyumba za mbao nao umeunguza Birere mara nyingi, na kila mara misumari inapigwa upya.

Watu wa namna hiyo hawana upungufu wa moyo. Anayekuja kuwauzia somo la "kuwa positif" kwa ticket ya kuingia salle anawauzia kitu walicho nacho tayari.

Kazi zenyewe zilienda wapi?

Aliyeenda kwenye interviu nne mwaka 2025 na kukosa zote, aambiwe kwanza ukweli wa mwaka wenyewe.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu katika Kongo. Siku chache baadaye, mwishoni mwa mwezi ule ule, M23 iliingia Goma. Benki zikafunga milango. Uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi wa Februari kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zikavunjwa, na familia zikaondoka na maturubai kichwani. Tarehe 1 Julai 2025 USAID yenyewe ikamaliza kazi zake.

Kwa miaka mingi Goma ilikuwa mji wa ONG. Dereva, mlinzi, msafishaji, mwuuguzi, mwenye kuhesabu magunia, mwenye kuandika majina ya wahami, wote walikula kwenye chungu hicho. Chungu kilipopinduka, wenye uzoefu wa miaka kumi walirudi kupanga mstari mmoja na kijana aliyemaliza sekondari jana. Nafasi ya mlinzi mmoja inaombwa na mtu mwenye licence.

Kumwambia huyo kijana kwamba alikosa kwa sababu hakutabasamu ni kumdanganya. Alikosa kwa sababu nafasi ni moja na waombaji wamejaa uwanja. Ukweli huo unauma, lakini unamwondolea mzigo ambao si wake. Mtu anayejua kwa nini ameanguka anasimama haraka kuliko anayefikiri amelaaniwa.

Kimya ni dharau

Interviu si bure. Kuna fotokopi, picha ya pasipoti, kadi ya ONEM, pesa ya motari ili asifike na viatu vyenye vumbi. Kwa familia ya wahami inayokaa kwa mwenyeji katika chumba kimoja, pesa hiyo ni unga wa jioni. Mama anatoa, watoto wanalala na njaa, kwa sababu nyumba nzima imeamua kwamba huyu mmoja ajaribu.

Kisha anarudi, na kimya kinaanza. Wiki moja. Mwezi. Simu hailii. Kijana anaogopa hata kuzima simu ili kuokoa batri. Anaogopa kwenda kubeba mizigo, asije akaitwa wakati ule. Hakuna aliyemwambia ndiyo, hakuna aliyemwambia hapana. Anabaki amefungwa kwa kamba ambayo mwenye kuifunga ameshaisahau.

Wenye kuajiri wana jibu lao: "Dosye ni mia nyingi, hatuwezi kumjibu kila mtu." Jibu hilo lina ukweli kidogo. Barua mia nne ni kazi kubwa. Lakini karatasi moja kwenye valve ni kazi ya dakika kumi. Iandikwe namba za dosye zilizopita, namba za zisizopita, na tarehe nafasi ilipofungwa. Hakuna haja ya majina, hakuna haja ya maelezo marefu. Yule mama aliyetoa unga wake ataijua siku ya kuacha kungoja.

Biro inayoweza kubandika tangazo la kazi kwenye valve inaweza kubandika na matokeo. Isipofanya hivyo, imeamua kutofanya.

Bei iliyofichwa

Goma ina jina la ugonjwa huu, na kila mtu analijua: "opération retour". Unapewa kazi, kisha sehemu ya mshahara inarudi kwa aliyekuingiza. Hayo si masimulizi ya mtaani tu. Mwaka 2020, uchunguzi uliogharamiwa na serikali ya Uingereza juu ya rushwa katika misaada ya kibinadamu Kongo uliitaja rushwa ya namna hii katika kuajiri watu.

Kwa wasichana bei huwa mbaya zaidi. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wanawake walisema waliombwa miili yao ili wapate kazi au wasiipoteze. Tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou na Julienne Lusenge ilitoa ripoti mwezi wa Septemba 2021. Ilihesabu watuhumiwa zaidi ya 80, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Wanawake hao hawakukosa kuwa positif. Waliamini, wakaenda kwenye interviu, na mwenye cheo akatumia imani yao.

Kwa hiyo msichana anayekataa "interviu" ya saa mbili usiku katika chumba cha hoteli asiambiwe amepoteza bahati yake. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu anayetumia cheo chake kudai ngono. Msichana huyo ameshinda, hata kama amerudi nyumbani bila kontra. Na baba anayemgombeza kwa kurudi mikono mitupu amuulize kwanza alikataa nini.

"Majaribio" yasiyoisha

Kuna na maduka na depo zinazopenda vijana wa majaribio. "Njoo tukuone wiki mbili." Wiki mbili zinakuwa miezi miwili. Kijana anabeba, anafagia, anahesabu stoki, halafu anaambiwa hakufaa. Kesho yake anaingia mwingine kwa majaribio. Hapo hakuna anayejaribiwa, kuna mizigo inayobebwa bure.

Code ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 iko wazi. Majaribio yaandikwe kwenye karatasi. Kwa mfanyakazi asiye na ufundi maalumu yasizidi mwezi mmoja, kwa wengine yasizidi miezi sita. Na aliye kwenye majaribio anafanya kazi, kwa hiyo analipwa. Tajiri anayelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu aonyeshe kwanza karatasi ya majaribio aliyosaini.

Diplome iliyobaki njiani

Wahami wana mlima wao zaidi. Mtu aliyekimbia Masisi, Rutshuru au Nyiragongo usiku alibeba mtoto na godoro, hakubeba diplome. Anafika mbele ya wenye kuhoji, anaulizwa karatasi ya asili. Hana. Interviu imekwisha kabla ya swali la kwanza.

Mtu anayejua kazi yake anaweza kuonyeshwa kwa mikono. Fundi cherehani apewe kitambaa. Mwalimu apewe darasa la nusu saa. Mwuuguzi aulizwe dozi. Attestation ya kupoteza vitambulisho ikubaliwe wakati diplome inatafutwa. Wenye kuajiri wanaojitangaza kwamba wako hapa juu ya wahami ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kufanya hivyo. Haifai kuandika neno "déplacés" kwenye gari na kumfukuza mhami kwenye mlango wa biro kwa sababu vita ilimnyang'anya karatasi.

Moyo wenye meno

Je, basi kijana akae nyumbani akasirike? Hapana. Hasira peke yake nayo inakula mtu. Kuna wanaoacha kuomba kabisa kwa sababu "kila kitu kimeshapangwa". Wao nao wanawapa kazi wenye kupanga. Nafasi nyingine hutolewa kwa haki, na anayeacha kuomba hazipati hata hizo.

Lakini moyo wa kuendelea uwe na meno. Baada ya kila interviu, aandike kwenye daftari maswali aliyoulizwa, kabla hayajasahaulika. Aliyeshindwa juu ya Excel anajua cha kujifunza, na INPP iko kwa kazi hiyo ya kufundisha ufundi. Aliyeshindwa juu ya jibu la Kifaransa afanye mazoezi na wenzake jioni. Daftari linatofautisha kosa lake na kosa la wengine, kitu ambacho mahubiri hayafanyi.

Aulize kabla ya kutoka: "Matokeo yatatoka lini, na wapi?" Ni swali la heshima. Aandike tarehe. Ikipita, arudi kuuliza mara moja, kisha afunge ukurasa ule na kuendelea na mambo yake. Asiache diplome ya asili popote, aache fotokopi. Asilipe franka hata moja ili "dosye iinuliwe", kwa sababu kazi ya kweli inamlipa mtu, haimlipishi.

Na asitafute peke yake. Birere inajua likelemba: kumi wanatoa kidogo kidogo, mmoja anainuka kwa zamu. Vijana kumi wanaweza kufanya vile vile kwa kazi. Mmoja anapita kwenye valve asubuhi na kupiga picha za matangazo, fotokopi zinalipwa pamoja, koti moja safi linazunguka kwa yule mwenye interviu. Aliyeombwa pesa anawaambia tisa wengine jina la mlango ule. Tajiri anaweza kumdharau mtu mmoja, lakini kumi wanaoambiana ukweli anawaogopa.

Wakati wa kungoja, kubeba mizigo, kuuza unite au kutengeneza simu si aibu. Aibu ni ya anayemcheka mwenye licence akiuza sambaza. Anakula jasho lake.

Wanaodaiwa

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kwamba serikali inamlinda mtu dhidi ya kukosa kazi na kumhakikishia mshahara wa haki. Leo, Goma, maneno hayo yanaonekana kama mzaha. Hata hivyo yameandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.

Hakuna anayedai biro zizae kazi elfu moja kesho. Vinavyodaiwa ni vidogo: matokeo yabandikwe, majaribio yaandikwe na yalipwe, anayeomba pesa au mwili afukuzwe na kushtakiwa, mhami apimwe kwa anachojua. Hakuna hata kimoja kinachongoja ndege irudi kutua Goma au mfadhili mpya atoke Ulaya. Mwenye kuajiri anaweza kuanza Jumatatu.

Wazee husema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, kama mgomba umepandwa. Kijana wa Birere ameshalima, ameshapanda, ameshangoja. Sasa wenye shamba nao waulizwe mkungu uko wapi.