Cheti bila kerezo ni nusu ya elimu

Kiswahili kina neno ambalo wanafunzi wangu wengi hulikuta kwanza kamusini wala si karakanani. Neno lenyewe ni kereza, yaani kuchonga mti huku ukizunguka. Kutokana na kitenzi hicho twapata kerezo, ambayo ndiyo mashine ya kazi hiyo, kama tupatavyo ufagio kutokana na fagia na kizibo kutokana na ziba. Naye mwenye ufundi huo ni mkerezaji. Mafundi wa pwani walikereza matendegu ya vitanda kabla umeme haujafika katika nchi hizi.

Nimeanza na neno kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu. Hata hivyo, hoja yangu leo si ya msamiati. Inamhusu kijana wa Meru au Embu aliyejifunza kukereza, akapewa cheti, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Seremala wa kawaida husogeza chombo juu ya mti uliotulia. Mkerezaji hufanya kinyume: mti huzunguka, na chombo hutulizwa mkononi. Kwa njia hiyo hupatikana miguu ya viti, nguzo za ngazi, mipini, bakuli na hata pia za watoto. Ni ufundi wa mkono na sikio, na mkono usiofanya kazi husahau upesi. Hapo ndipo penye hatari. Kijana anayekaa miaka miwili akitafuta fedha za mashine hapotezi muda tu. Anapoteza ule ujuzi ambao wazazi wake waliulipia karo.

Wapo watakaosema: haba na haba hujaza kibaba. Hapana anayepinga. Hebu basi tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote aweza kuiandika ubaoni. Tuseme kerezo pamoja na patasi zake, kinoo na miwani ya kukinga macho vinagharimu Sh100,000. Tuseme pia kijana, kwa kibarua cha kupiga randa katika karakana ya mwingine, anaweka Sh200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni Sh5,200. Atahitaji miezi 20 bila kuugua, bila kuchangia mazishi, na bila mdogo wake kufukuzwa shule kwa ajili ya karo. Nani kati yetu amewahi kuishi miezi 20 ya namna hiyo? Kibaba kina tundu, na tundu hilo si uvivu wa kijana.

Je, akope? Mfuko wa Hustler ulipozinduliwa Novemba 30, 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa kati ya Sh500 na Sh50,000, ukilipwa kwa siku 14. Mkopo wa siku 14 humfaa mama anayenunua nyanya asubuhi na kuziuza jioni. Haumfai mkerezaji, ambaye atahitaji wiki kadhaa kuifunga mashine, kuuzoea mwendo wake na kumpata mteja wa kwanza. Deni la mashine hulipwa na kazi ya mashine, na kazi hiyo haikomai kwa majuma mawili.

La kushangaza ni kwamba malighafi imejaa mipakani mwa mashamba yetu. Mukima, mti uliotoka Australia, umesimama katikati ya mibuni ya Embu kila uendako. Meru nayo ina muuru, mti ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru, ingawa si wa ukoo wa mwaloni hata kidogo. Mbao tunazo, vijana tunao. Kilichokosekana ni chombo.

Historia yetu inatufunza kwamba tatizo hili si geni. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza kuchipuka mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati viongozi wa makanisa walipojiuliza watoto wanaomaliza shule ya msingi wataenda wapi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, useremala uliingizwa madarasani, kisha ukapunguzwa mapema miaka ya 2000. Mara zote tumeuliza kijana afunzwe nini. Ni nadra sana kuuliza atafanya kazi kwa kutumia nini siku ya kwanza baada ya kufuzu.

Katiba ya mwaka 2010 imeviweka vyuo hivyo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kaunti za Meru na Embu zina uwezo wa kutenda mambo mawili. Kwanza, makerezo ya vyuo yasifungiwe jioni na wakati wa likizo. Mhitimu ayatumie kwa ada ndogo, alinde ujuzi wake na apate fedha za kuweka akiba. Pili, kaunti zikopeshe vyombo badala ya fedha. Mashine ibaki mali ya umma hadi kijana amalize kuilipa kidogo kidogo kutokana na mapato yake. Anayehofu kwamba itauzwa akumbuke kwamba mashine ya kilo nyingi iliyopigwa namba haifichiki kama noti mfukoni.

Nanyi walimu msingoje kaunti. Katika misitu iliyozunguka mji wa High Wycombe, Uingereza, mafundi walikereza miguu ya viti hadi karne ya 20 kwa chombo kisichotumia umeme wala injini. Kamba iliuzunguka mti wa kuchongwa. Juu ilifungwa kwenye ufito unaonepa, chini kwenye kikanyagio. Mguu ukikanyaga, mti ulizunguka, ufito ukaurudisha. Fundi alichonga kila ulipozunguka upande wake. Chombo cha namna hiyo chaweza kuundwa na wanafunzi wenyewe kwa mbao na kamba. Hakitashindana na mashine sokoni, lakini kitaufunza mkono kabla fedha hazijapatikana.

Kumpa kijana cheti cha ukerezaji bila kumwonyesha njia ya kulifikia kerezo ni kumfunza kuogelea kisha kumpeleka jangwani. Akiba yake tuiheshimu, lakini tusimwachie peke yake mzigo ambao ni wetu sote.