Nyumba Imebebwa, Mwenyewe Yu Wapi?

Wafilipino wana neno lao, bayanihan, ambalo sisi tungeliita ujima. Mfano wake mashuhuri ni wa majirani wanaoitia mianzi nyumba ya mwenzao, wakaiinua mabegani na kuihamisha nzima nzima hadi kiwanja kipya. Kwa jina hilo lilijiita kundi la ngoma lililoasisiwa mwaka 1957 na Helena Z. Benitez katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ufilipino, mjini Manila. Mwaka 1958 kundi lilitumbuiza kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels. Mwaka 1959 likafika Broadway, New York. Na mwaka 1998 sheria ikalitawaza kuwa kundi la taifa la ngoma za asili.

Sikusudii kulibeza. Lucrecia Reyes Urtula, aliyelitungia miondoko, alikuwa fundi. Alijua kuwa ngoma ya uwanjani haihamii jukwaani bila ya kukatwa na kushonwa upya. Wapo wasemao kuwa jukwaa huiua ngoma. Hao siungani nao, kwani kwa hoja yao hata mimi mfasiri ni muuaji wa mashairi.

Ugomvi wangu ni mwingine. Itazameni Singkil, lulu ya kundi hilo. Ni ngoma ya Wamaranao, Waislamu wa kandokando ya ziwa Lanao, kisiwani Mindanao, na jina lake lahusishwa na njuga za miguuni. Asili yake ni ngoma ya wanawake wa nasaba, wakipita kwa utulivu baina ya mianzi inayogonganishwa. Jukwaani akaongezwa mwana wa mfalme, mwendo ukakazwa hadi watazamaji washike roho, na hadithi ikafungamanishwa na Darangen, utenzi mkuu wa Wamaranao. Kisha yote yakawekwa chini ya kichwa kimoja: sehemu ya Waislamu. Mmaranao, Mtausug na Myakan wakatiwa kapu moja, na mtazamaji wa Paris akarudi nyumbani akiamini kuwa ameuona ukale usioguswa.

Hapo ndipo ninapokataa. Mfasiri mwaminifu huandika jina la mtunzi juu na lake chini. Akiongeza beti, husema ameongeza. Akilificha jina lake ili tafsiri ionekane asili, amemdhulumu mtunzi na amemdanganya msomaji kwa pamoja.

Watetezi husema: nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, iliyotawaliwa na Wahispania, kisha na Wamarekani, ilihitaji kioo kimoja cha kujitazama. Naam, ilihitaji. Lakini kioo kinachomwonesha mtu vazi lake kikamficha uso si kioo. Mwaka 2017 vita vya miezi 5 viliuvunja Marawi, mji wa Wamaranao, na watu kwa malaki wakayahama makazi yao. Ulimwengu uliokwisha kuishangilia Singkil kwa miongo kadhaa ulilisikia jina la wenyewe kana kwamba ni jina geni. Je, hiyo ndiyo faida ya kutangazwa?

Wala msiniambie kuwa njia nyingine haipo. Ligaya Fernando-Amilbangsa hakuzaliwa Sulu. Alifika huko kwa ndoa, akakaa chini ya wajuzi wa pangalay, ngoma ya Watausug ambayo mikono husema zaidi ya miguu. Mwaka 1983 alitoa kitabu chake. Mwaka 2015 akatunukiwa nishani ya Ramon Magsaysay, ambayo kundi la Bayanihan lilikwisha kuipata mwaka 1965. Naye pia aliipandisha ngoma jukwaani, lakini hakuitenga na wenyewe wala na kwao.

Ninachodai ni kidogo, na hakigharimu ila wino. Karatasi anayopewa mtazamaji mlangoni itaje kabila, mji, walimu waliofundisha, mtunzi wa miondoko, na lililobadilishwa. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Basi anayecheza cha watu ugenini na akatunzwa, angalau awataje wenyewe.

Ujima ni kumbebea jirani nyumba yake. Lakini kila abebaye hujua nyumba ni ya nani, na mwisho wa safari humkabidhi mwenyewe. Asipomkabidhi, hilo si ujima tena, na Kiswahili kina neno lake.